Fuwele ya Tano

Siku yangu ya kwanza kazini nilivuliwa mkanda mlangoni. Ilikuwa miezi michache kabla ya Uhuru, msimu wa baridi, nami nilikuwa nimetoka nyumbani Vuga kabla hakujapambazuka. Nilikwenda kwa miguu hadi Soni, nikapata lori la mboga lililonifikisha Lushoto mjini, kisha nikapanda tena kwa miguu kuelekea msitu wa Magamba, mahali kilipokuwa kituo. Nilikuwa nimeazima viatu vya kanisani vya baba mdogo, na vilinibana. Mkuu wa Kituo, Mzungu mrefu mwenye sauti ya chini, alinikuta kizingitini akaninyooshea mkono. Nilidhani ananisalimu.

"Mkanda," alisema. "Funguo. Kisu, kama unacho. Na viatu pia. Viatu vyako vina misumari."

Basi niliingia ofisini kwa mara ya kwanza miguu mitupu, nimeshikilia suruali kwa mkono mmoja, na barua ya kuajiriwa kwa mkono wa pili. Nyumba nzima ilikuwa ya mbao za mkulo, mti mkubwa wa msitu ule, na kila msumari uliozishika mbao hizo ulikuwa wa shaba. Bawaba za milango zilikuwa za shaba. Hata ndoo ya kupigia deki ilikuwa ya mbao. Kazi yetu ilikuwa kupima usumaku wa mawe, na usumaku tulioutafuta ulikuwa mdogo kiasi kwamba chuma cha mkanda wa mtu kingeuzidi nguvu. Ndiyo maana idara ilijenga kituo mlimani, mbali na reli ya Mombo na mitambo ya mashamba ya katani.

Vijana wanaosoma fizikia hapa wilayani wameniomba niwaandikie jinsi kazi ile ilivyofanywa wakati wetu. Nimekubali. Lakini nikianza kuandika juu ya kazi, najikuta naandika juu ya mtu mmoja, na sina namna ya kumkwepa. Mtanivumilia.

Chombo chetu kikuu tulikiita mizani ya uzi. Ulikuwa uzi mwembamba kuliko unywele, umevutwa kutoka kwenye jiwe jeupe lililoyeyushwa kama kioo, unaning'inia kutoka kwenye fremu ya shaba. Mwisho wa uzi tulitundika kipande cha jiwe, au fuwele, yaani jiwe ambalo chembe zake zimejipanga kwa mpangilio mmoja toka mwanzo hadi mwisho, mfano wa chumvi ya mawe. Juu ya fuwele tulibandika kioo kidogo cha kujitazamia, cha ukubwa wa ukucha wa mtoto. Taa ilikipiga kioo, na doa la mwanga likatua ukutani juu ya karatasi yenye mistari. Pembeni palikuwa na koili mbili za waya wa shaba zilizounganishwa na betri. Ukipitisha umeme katika koili, fuwele yenye usumaku hujigeuza kidogo, kioo hugeuka nayo, na doa la mwanga husogea ukutani. Ukihesabu mistari, umepima usumaku. Fuwele isiyo na usumaku haisogezi doa.

Ni kazi ya subira. Uzi ukishatikiswa, hata kwa pumzi, huchukua muda mrefu kutulia. Wiki zangu za kwanza nilikuwa naharakisha, nikisoma doa kabla halijatulia. Mkuu wa Kituo aliliona daftari langu akaniita.

"Zakaria, namba zako ni nzuri mno. Zinafuatana kama watoto wa shule. Umeziona, au umezitaka?"

Nilikiri kwamba nyingine nilizikisia.

"Mimi sitaki namba nzuri," alisema. "Andika ulichokiona. Kama ulichokiona hakina maana, andika vilevile. Maana tutaitafuta baadaye."

Alikuwa mtu mkavu, hakucheka ovyo, na Kiswahili chake kilikuwa cha vitabuni. Lakini alinifundisha, na wakubwa wa siku zile waliowafundisha wasaidizi wao hawakuwa wengi. Alasiri, ukungu ulipoupanda mlima na kutufungia ndani, alinieleza juu ya elektroni. Alisema kwamba ndani ya kila chembe kuna kiini, na elektroni hukizunguka kiini hicho. Njia hiyo ya kuzunguka huitwa obiti. Juu ya hayo, kila elektroni ina mzunguko wake yenyewe, unaoitwa spini. Kila mzunguko kati ya hiyo miwili huzaa usumaku wake.

"Kama dunia," nilimwambia. "Inajizungusha, na inalizunguka jua."

"Mfano huo ushike, lakini usiuamini sana," alijibu. "Elektroni si tufe. Jambo la kushika ni hili: spini na obiti zimefungamana. Obiti inaona umbo la fuwele, imebanwa na majirani zake. Spini peke yake haioni kitu. Lakini kwa kuwa imefungwa kwa obiti, nayo inalazimika kulifuata umbo la fuwele."

Sikuelewa yote. Niliandika na kukariri, kama nilivyokariri katekisimu.

Mawe aliyoyapenda zaidi yalikuwa ya hematiti, madini ya chuma yenye rangi nyeusi inayong'aa, ambayo ukiyasaga hutoa unga mwekundu kama udongo wa kwetu. Ajabu ya hematiti ni kwamba chembe zake za chuma, ambazo kila moja ni sumaku ndogo, zimejipanga tabaka kwa tabaka, tabaka moja likielekea huku na linalofuata likielekea kinyume. Ilipaswa zifutane kabisa. Hazifutani. Zimeinama kidogo tu kutoka kwenye mstari, na kuinama huko, kunakotokana na ule mfungamano wa spini na obiti, kunaacha usumaku dhaifu. Mkuu wa Kituo alikuwa na fuwele tano za hematiti, zimelala katika sanduku la mbao juu ya pamba, kila moja na nambari yake. Wengine wanakusanya stempu, naye alikuwa na hizo.

Katika miaka ile nilizunguka sana. Nilitembea na kipimo cha begani kutoka Mlalo hadi Bumbuli, nikashuka Muheza, nikapanda Amani, nikapima miamba. Wazee waliniuliza natafuta nini, na nilipowaambia natafuta usumaku, walitikisa kichwa wakanikaribisha uji. Idara ilinipeleka makao makuu kwa kozi ya mwaka mzima, nikarudi na cheti. Kisha likaja Azimio la Arusha, na agizo kwamba vituo vishikwe na wananchi. Mkuu wa Kituo alifunga mizigo yake. Sanduku la fuwele aliliacha.

"Ni mali ya kituo," alisema. "Sasa wewe ndiye Mkuu. Usisahau kwamba kazi ya Mkuu si kujua. Ni kwenda kuangalia."

Nilimshukuru. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, na siku hiyo maneno yake sikuyasikia kwa uzito ninaoyasikia nao leo. Nilichokuwa nakitazama ni kiti chake.

Mwaka uliofuata idara iliniletea mpimaji mpya. Aliitwa Rukia, binti wa watu wa Mlalo, familia ya Kiislamu ya wakulima wa mboga. Alikuwa amemaliza kidato cha nne wakati ambapo wasichana wa milimani waliofika huko walihesabika. Alikuja amejifunga kilemba cheupe, ameshika mfuko wa ukindu, akanisalimu shikamoo ingawa hatukupishana miaka mingi. Kabla sijamwambia chochote alivua bangili zake mbili akaziweka nje juu ya jiwe.

"Umeambiwa na nani?" nilimwuliza.

"Nimeona misumari ya mlango ni ya shaba, Ndugu Mkuu," alisema. "Nikafikiri lazima kuna sababu."

Ningepaswa kujua siku hiyohiyo nimeletewa mtu wa namna gani. Rukia alikaa mbele ya mizani ya uzi kama mama anayesubiri mtoto alale. Hakukohoa. Hakuegemea meza. Daftari lake lilikuwa la mwandiko mdogo ulionyooka, na palipokuwa na shaka aliandika "nina shaka" pembeni, bila aibu. Mimi wakati huo nilikuwa na mikutano. Nilikuwa mjumbe wa nyumba kumi, nilikuwa katika kamati ya wilaya ya kijiji cha ujamaa kilichokuwa kikianzishwa bondeni, nilikuwa naandika taarifa za robo mwaka. Chumba cha vipimo nilikiingia mara moja kwa wiki, nikasaini, nikatoka.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Vipimo vya kutembea vilikuwa na tatizo: mwamba uleule ulitoa namba tofauti asubuhi ya baridi mlimani na mchana wa joto kule tambarare ya Mkomazi. Idara ikaagiza tupime fuwele za mfano katika joto mbalimbali, ili tupate jedwali la kusahihishia. Nilimpa Rukia kazi hiyo. Barafu ililetwa na lori la samaki kutoka Tanga, imefukiwa katika pumba za mbao ili isiyeyuke njiani. Fuwele ilining'inizwa ndani ya bomba la shaba, bomba likatumbukizwa katika chombo cha barafu, kipimajoto kikawekwa kando. Agizo lilikuwa aishie kwenye sifuri, pale maji yanapoganda.

Rukia hakuishia hapo. Alijua, kwa kuwa alifundishwa shuleni, kwamba ukichanganya barafu na chumvi baridi huzidi, joto likashuka chini ya sifuri kwa nyuzi nyingi. Alichukua chumvi ya jikoni akaichanganya. Baada ya siku nne alikuja ofisini kwangu na daftari amelikumbatia.

"Ndugu Mkuu, naomba uje uone."

"Nione nini?"

"Fuwele ya tano. Inapoteza usumaku ikipoa."

Nilikuwa naandika hotuba ya kumpokea Mkurugenzi wa idara, aliyekuwa anakuja kukagua kituo wiki ile. Nilimwambia aketi, anieleze.

Alieleza vizuri sana. Fuwele nne za kwanza, alisema, zilibaki na usumaku wao hadi mwisho wa baridi. Lakini ya tano, ikifika karibu nyuzi kumi chini ya sifuri, doa la mwanga lilianza kurudi nyuma, na baada ya muda mfupi likawa karibu kabisa na mstari wa sifuri. Usumaku ulikuwa umekwenda. Akaiacha ipate joto, doa likarudi mahali pake. Alirudia mara tatu. Mara zote ikawa hivyo.

Nilicheka. Naandika hili ili mjue: nilicheka.

"Rukia, sumaku haifi kwa baridi. Sumaku inakufa kwa joto. Ukiipasha sana, chembe zinachachamaa, mpangilio unavurugika. Baridi inautengeneza mpangilio. Hilo ni somo la kwanza."

"Nalijua, Ndugu Mkuu. Ndiyo maana nimerudia."

"Ni umande. Unyevu umeganda juu ya uzi, uzi umekwama."

"Niliweka vikombe vya chokaa kavu ndani ya sanduku la kioo vinyonye unyevu. Na nilipougusa uzi kwa unyoya, ulicheza na kurudi. Haukukwama."

"Mbona zile nne hazikufanya hivyo?"

"Hilo ndilo nataka kulijua. Nina wazo, lakini kwanza uje uone. Ni robo saa tu. Barafu ya leo bado ipo."

Nilitazama karatasi ya hotuba mbele yangu. Nilitazama mlango. Robo saa ilikuwepo. Sitaki mtu anisaidie kwa kusema nilikuwa na kazi nyingi. Nilikuwa na kazi nyingi, lakini robo saa ilikuwepo. Kilichonizuia ni kwamba ningeinuka kwenye kiti kile nikamfuata msichana wa kidato cha nne anionyeshe jambo ambalo mimi, mwenye cheti, sikulijua. Na kama lingekuwa kweli, ningemweleza nini Mkurugenzi? Kwamba mpimaji wangu amevuka agizo, ameweka chumvi katika chombo cha serikali, na amepata jambo nisiloweza kulieleza?

"Acha daftari hapa," nilimwambia.

Alipotoka, nilichukua kalamu ya wino mwekundu nikapiga mstari juu ya kurasa tatu. Chini yake nikaandika: "Vipimo batili. Mpimaji hakufuata maagizo." Nikasaini.

Mkurugenzi alifika kwa gari la serikali, mtu mnene mpole, mwenzetu, mmoja wa wananchi wa kwanza kushika cheo kile. Alikagua kila kitu. Chumba cha vipimo alikisifu kwa usafi. Kisha akafungua daftari, na kwa kuwa wino mwekundu huonekana mbali, akafika palepale.

"Hapa palitokea nini?"

Rukia alikuwa amesimama karibu na mizani. Alinitazama. Nadhani, hadi dakika ile, alitumaini ningesema tu kwamba bado tunalichunguza. Maneno hayo yangetosha. Ni maneno ya kawaida katika kazi yetu.

"Ni uzembe wa mpimaji, Ndugu Mkurugenzi," nilisema. "Nimeshauchukulia hatua."

Mkurugenzi alifunga daftari polepole. Hakufoka. "Dada," alimwambia Rukia, "nchi hii ni changa. Barafu hii imetoka Tanga kwa jasho la watu. Hatuwezi kuichezea."

"Sikuichezea, Ndugu Mkurugenzi," alijibu Rukia.

"Mkuu wako amesema."

Mwezi huo barua ikaja kutoka makao makuu kwamba ajira ya majaribio ya Rukia haitathibitishwa. Pendekezo hilo lilikuwa langu. Mtu huwezi kusema umechukua hatua halafu usichukue. Alipokuja kuaga nilikuwa nimejiandaa kwa machozi au matusi. Hakuwa na hata kimoja. Aliweka koti la kazi mezani, amelikunja.

"Ndugu Mkuu," alisema, "mimi sina shida na kuondoka. Lakini hukuja kuangalia."

Alitoka nje, akazichukua bangili zake juu ya jiwe, akateremka mlima.

Miaka ikapita na mimi nikapanda vyeo. Nilihamishiwa makao makuu kuwa mwalimu wa wapimaji wapya, na huko nilisifiwa kwa ukali wangu juu ya usafi wa vipimo. Siku moja, wakati wa pilikapilika za kuhamia vijijini, alialikwa mhadhiri kijana aliyekuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo, mtu wa Kagera, mwembamba, mwenye kuongea haraka. Mada yake ilikuwa usumaku dhaifu wa fuwele. Aliandika ubaoni jina la hematiti, akachora tabaka na mishale yake, akaeleza ule mwinamo mdogo nilioukariri zamani kwenye ukungu wa Magamba. Kisha akasema, kama mtu anayepita tu:

"Na bila shaka hematiti safi ikipoa chini ya nyuzi kumi hivi chini ya sifuri, spini zote zinasimama wima kuufuata mhimili wa fuwele. Mwinamo unatoweka, na usumaku dhaifu unatoweka nao. Ukiipasha, unarudi. Wenzetu wamelijua hili muda mrefu."

Niliinua mkono, mwalimu mzima mbele ya wanafunzi wangu.

"Barafu na chumvi vingetosha kuliona hilo?"

"Vingetosha kabisa, mzee," alisema. "Ila angehitajika mpimaji hodari sana."

Nilitoka nje. Nilisimama uani, jua likinipiga kichwani, hadi darasa lilipokwisha.

Likizo iliyofuata nilikwenda Lushoto. Kituo kilikuwa na mlinzi tu. Wapimaji walikuwa wamepunguzwa. Fuwele zilikuwa katika sanduku lake. Nilipata barafu kwenye jokofu la mafuta ya taa la zahanati moja, nikanunua chumvi sokoni, nikaiweka fuwele ya tano kwenye uzi. Mikono yangu ilikuwa imesahau kazi, ikanichukua siku nzima kuutuliza uzi. Kesho yake nikaona. Kipimajoto kilishuka, kikapita sifuri, kikafika karibu na kumi, na doa la mwanga likaanza kutembea ukutani kurudi nyuma, taratibu, bila kutetemeka, hadi likasimama pale Rukia alipoandika kwamba lilisimama. Nilifungua daftari lake. Tofauti ya namba zake na zangu ilikuwa nusu mstari, na nina hakika kosa la nusu mstari lilikuwa langu.

Mngetegemea niinuke hapo hapo nikamtafute. Sikuinuka. Chini ya ule wino mwekundu niliandika kwa penseli, "Vipimo hivi ni sahihi," nikatia saini, nikalichukua daftari nikaenda nalo nyumbani, mahali ambapo hakuna ambaye angelisoma. Nilijiambia nitaiandikia idara. Mwaka ule nilikuwa napendekezwa cheo. Mwaka uliofuata yakaja mambo ya vita na uhaba wa kila kitu. Kisha kituo kikafungwa rasmi. Kila mwaka ulikuwa na sababu yake, na kila sababu ilikuwa ya kweli.

Ikaenda hivyo miaka mingi, hadi nikastaafu. Walinifanyia sherehe fupi, soda na maandazi. Afisa Utumishi alisimama akasoma wasifu wangu, akamalizia kwa kusema kwamba katika utumishi wote Mzee Zakaria hakuwahi kupitisha kipimo kibaya wala kukataa kizuri. Watu wakapiga makofi. Nililirudisha andazi langu kwenye sahani.

Wiki hiyohiyo nilianza kuuliza. Watu wa Mlalo waliniambia Rukia aliolewa Mponde, mume alifariki, na yeye analima chai. Nilipanda basi hadi Soni, nikabadilisha, nikafika Mponde mchana. Nilimkuta shambani kwake, kapu mgongoni, anachuma. Nywele zilizochungulia kwenye mtandio zilikuwa nyeupe. Alinitambua kabla sijasema jina.

"Onga mshi," nilimwamkia kwa Kishambaa.

Aliitikia, akashusha kapu. Alinikaribisha barazani, akanipa chai, akaketi mbali kidogo, mikono imetulia mapajani kama zamani. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Lushoto. Yote yalinitoka. Nililitoa daftari kwenye mfuko nikamwekea mbele.

"Ulikuwa sahihi," nilisema. "Ile fuwele. Usumaku unatoweka. Ni jambo linalojulikana duniani. Nimeliona kwa macho yangu."

Alilitazama daftari asiliguse.

"Mimi nilidhani nilikosea," alisema hatimaye. "Miaka ya mwanzo nilibisha moyoni. Baadaye nikachoka. Nikasema wawili wenye vyeo hawawezi kukosea, mimi mmoja nipatie. Nimekuwa mpima majani ya chai hapa kijijini miaka mingi. Watu wananisifu kwa haki, kwa sababu kila mkulima namwita aisome mizani mwenyewe. Hawajui kwamba nilikuwa siyaamini macho yangu."

Nilikiweka kikombe chini.

"Uliliona lini, kwa macho yako?"

Ningeweza kusema uongo. Njia nzima nilijua ataliuliza hilo, na njia nzima nilitumaini hataliuliza.

"Zamani. Wakati wa kuhamia vijijini."

Alihesabu moyoni, nilimwona akihesabu.

"Umekuja baada ya kustaafu," alisema. Hakuipandisha sauti. "Umengoja mpaka jambo hili haliwezi kukuharibia kitu."

"Ndiyo."

"Basi lile kosa la kwanza nimekusamehe leo, kwa kuwa ulikuwa hujui. Hili la pili niache nalo."

Kisha akalivuta daftari. Alisoma ukurasa mmoja baada ya mwingine, akifuata namba kwa kidole chini ya wino mwekundu, midomo ikicheza. Alisoma muda mrefu hadi chai yangu ikapoa. Alipofika mwisho alisema, si kwangu hasa, "Nilikuwa naandika vizuri." Na baada ya hapo akanigeukia kwa uso mwingine kabisa, uso ninaoukumbuka kutoka chumba cha vipimo.

"Na zile nne? Kwa nini hazikugeuka?"

"Sijui," nilisema.

"Hukuwauliza hao wanaojua?"

"Sikuwauliza."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeambiwa kwamba mwenzake ameishi miaka yote karibu na mto na hajawahi kunywa maji yake. Daftari nilimwachia. Hakunisindikiza.

Niliporudi nilimwandikia yule mhadhiri, ambaye sasa alikuwa na mvi na cheo kikubwa. Alinijibu kwa ukarimu. Alisema ndani ya hematiti kuna mivutano miwili: mmoja unaotaka spini zilale na mwingine, unaotokana na ule mfungamano wa spini na obiti, unaotaka zisimame. Baridi ikifika kiwango fulani, wa pili unaushinda wa kwanza. Lakini fuwele ikiwa na madini mengine yaliyojichanganya, hata kidogo sana, mizani hiyo huvurugika na spini hazigeuki kamwe. Fuwele nne, alisema, bila shaka zilikuwa na uchafu ndani. Ya tano ndiyo iliyokuwa safi.

Niliinakili barua yake neno kwa neno nikaituma Mponde. Baada ya miezi miwili nilipata jibu, mwandiko uleule mdogo ulionyooka, mistari miwili tu: "Barua imefika. Ndivyo nilivyokuwa nikidhani siku ile, ila hukuniuliza."

Sikuandika tena, naye hakuandika.

Ninyi vijana mnaosoma fizikia mna vyombo bora kuliko vyetu, na ninafurahi. Mizani ya uzi hamtaiona. Nyumba ile ya mkulo ilibomolewa, mbao zikagawanywa. Mkiniuliza juu ya hematiti nitawaeleza vizuri, kwa sababu nimesoma sana tangu nistaafu, kuliko nilivyosoma kazini. Wajukuu zangu huwaambia wenzao kwamba babu alikuwa mpimaji wa usumaku, na mimi nawaacha waseme. Kituo kile katika miaka yangu yote kilikuwa na mpimaji mmoja, nami ndiye niliyemfukuza.